Njia ya Norujae Siku ya Kufyeka Makaburi

Watu wa mji wetu wa Hachon wakimtaja Pyo Jongsop husema "yule wa ramani," na mgeni hudhani alikuwa mchoraji. Hakuchora chochote. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari, kwenda na kurudi, akiangalia kama muda unaotajwa na ramani ya kwenye simu ni wa kweli. Ramani ikisema kutoka stendi yetu mpaka bwawani ni dakika arobaini, yeye alipita mwenyewe aone. Asipozikuta hizo arobaini alitafuta sababu, akaipeleka ofisini Seoul, na huko wakasahihisha. Safari nyingine sababu ilikuwa daraja jipya. Safari moja ilikuwa ng'ombe wa mjane mmoja waliovuka barabara asubuhi kwenda kukamuliwa, wala hawakuwa na haraka.

Nilimjua tangu akiendesha lori la makaa ya mawe. Migodi ilipofungwa wanaume wengi walihama, na waliobaki wengi wao walishika chupa. Yeye alishika usukani wa basi la shule, kisha kampuni ya ramani ikamchukua, kwa kuwa hakuna kona ya milima yetu ambayo hakuwa ameipita kwenye theluji na kwenye jua. Mkewe, Okbun, alikuwa mwenzangu wa kwaya kanisani. Mimi nilimtangulia kuzaliwa, kwa hiyo aliniita dada, na mumewe naye akaniita dada. Nina duka la supu karibu na stendi, na Jongsop karibu kila asubuhi alianzia kwangu, bakuli la supu ya mifupa lenye wali ndani, ndipo awashe gari.

Okbun alikuwa na mdomo mtamu. Alikuja kunisaidia kumenya vitunguu saumu, na mumewe akiingia tu, yeye huanza.

"Dada, unajua huyu ana mke wa pili? Anakaa naye garini mchana kutwa. Pinda kulia, pinda kushoto, naye anatii. Mimi nikimwambia aniletee ndoo ya maji masikio yanaziba."

"Yule hanuni," Jongsop akajibu huku akipuliza supu. "Nikikosea njia ananitafutia nyingine, yameisha. Hanisemi wiki nzima."

"Basi akufulie soksi."

"Nitamwuliza."

Walikuwa na mtoto mmoja, Narae, aliyeolewa Seoul na kijana mpole aitwaye Dohun. Okbun alipougua tumbo, ule ugonjwa usiotajwa kwa jina mbele ya mgonjwa, Narae aliahidi kuja kila Jumamosi. Mwanzoni alikuja. Ilipofika vuli akaanza kupunguza. Siku moja Okbun alikuwa amekaa dukani kwangu simu ilipolia, na sauti ya Narae tuliisikia sote.

"Mama, leo ramani inasema mwendo wa saa tano. Tukifika tu itabidi tugeuze. Wiki ijayo, mama."

"Usijisumbue mwanangu. Njia ni mbaya, nyie bakini."

Okbun aliweka simu chini akaendelea kumenya. Jongsop aliacha kijiko bakulini. Jana yake tu alikuwa amepita Norujae, ile njia ya mlimani inayotuunganisha na Seoul, na ilikuwa nyeupe, bila foleni, hadi chini. Kwa Norujae, Seoul ni mwendo wa saa tatu. Ni kwa njia ya bwawani, inayozunguka milima yote, ndipo zinafika tano. Kwa nini ramani iwapitishe watu bwawani?

Alikwenda kutafuta, na alipoijua sababu alinieleza mezani kwangu, amepanga vijiti vya kulia kama barabara.

"Dada, ramani haina macho. Inajua tu kile simu zilizomo magarini zinachoiambia. Simu ikienda mbio, ramani inasema njia ni nyeupe. Simu ikisimama, inasema foleni. Mjini simu ni nyingi, mmoja akisimama anunue sigara, mia wanampita, uongo wake hauonekani. Huku kwetu nani anawasha ramani? Sisi tunajua njia zetu. Wenye ramani ni watoto wa watu kutoka Seoul. Na wanapita Norujae kwa wingi lini?"

"Kufyeka makaburi," nikasema.

"Ehe. Na wakifika wanafanya nini?"

Hilo sikuhitaji kuambiwa. Kabla ya sikukuu ya mavuno, kila Jumamosi, pande zote za Norujae hujaa watu waliokuja kukata majani kwenye makaburi ya wazee wao. Gari linakwenda kama jongoo, vichwa viko nje ya dirisha, mmoja anasema babu yuko nyuma ya msonobari ule, mwingine anasema msonobari ule haukuwepo. Kisha wanaegesha pembeni, wanapanda na mashine za kukatia majani, wakimaliza wanamwaga pombe ya mchele, wanainama, wanakula hapohapo.

"Na simu iko garini, au mfukoni, imesimama katikati ya mlima nusu siku," Jongsop akasema. "Ramani inaandika: Jumamosi, Norujae, imeziba. Msimu ukiisha hakuna magari ya kutosha ya kuikanusha, basi inashika hilohilo."

"Kwa hiyo marehemu ndio waliotufungia njia," nikasema, nikitaka acheke.

Hakucheka. "Mama Narae anakaa dirishani kila Jumamosi, dada."

Wala hakuwa peke yake. Kila nyumba ya Hachon ina mama aliyekaa dirishani. Nilidhani watoto wametuchoka. Wengine walikuwa wametuchoka kweli, lakini wengine, kumbe, waliangalia simu wakakata tamaa.

Jongsop alimwita mtu wa ofisini aje aone mwenyewe. Akaja Bi. Guk, binti mwenye miwani, msomi, mwenye adabu, aliyekula supu yangu mpaka akainua bakuli kwa mikono miwili. Walipanda Norujae pamoja, na waliporudi waliendelea na mazungumzo yao mezani.

"Mzee Pyo, nataka uniambie kwa hakika," alisema. "Yale magari yanayosimama siku za kufyeka, hayazibi barabara?"

"Nimepita pale tangu naendesha lori. Wanaegesha kwenye majani. Katikati panabaki wazi. Kwetu mtu haegeshi katikati ya njia inayopita makaburini."

"Basi tuiambie mashine hivi: kwenye Norujae, siku za msimu, gari likisimama lisihesabiwe. Ni watu wa makaburi, si foleni."

"Ndiyo."

"Jumamosi zote za msimu? Hata zijazo?"

"Zote," Jongsop akasema.

Bi. Guk alimwamini, na alikuwa na haki ya kumwamini, maana mtu yule hakuwahi kusema neno la barabara ambalo halikuwa hivyo. Akarudi Seoul, akafanya kama walivyokubaliana.

Ramani ikapona. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo ilisema mwendo wa saa tatu na kidogo, na Narae akaja. Akaja iliyofuata pia. Majira ya baridi yale yote alikuja, labda theluji iwe imezidi, na kiangazi akaja. Alimsugua mama yake mgongo, alimpaka mafuta miguuni, walilala kwenye sakafu ya chumba, inayopashwa moto kwa chini, wakinong'ona kama wasichana wa shule. Okbun alizidi kukonda lakini uso wake uling'aa. Siku moja aliniambia, "Dada, namshukuru Mungu kwa ugonjwa huu, umenirudishia mtoto." Nikamwambia asiseme hivyo. Yeye akasema, "Nasema kweli, sijui bila huo ingekuwaje." Mumewe alikuwa amekaa mlangoni akifunga kamba za viatu, na alichukua muda mrefu kuzifunga.

Mwaka ukazunguka, msimu wa makaburi ukaingia tena. Okbun alikuwa ameomba atolewe hospitali, afie kwenye sakafu yake. Jumamosi ya kwanza ya msimu mvua ilinyesha kutwa nzima, hakuna aliyepanda mlimani. Wote waliokosa siku ile wakaahirisha mpaka Jumamosi iliyofuata, pamoja na wale ambao siku hiyo ilikuwa yao. Tena zamani ukoo ulikuja na gari moja au mawili, watu wamebanana. Siku hizi kila ndugu ana gari lake, na koo kubwa hukodi basi. Mambo haya sisi wote tulikuwa tunayaona, ila hakuna aliyeyajumlisha.

Jumamosi ile asubuhi muuguzi wa zahanati alikuja, akamshika Okbun mkono, akakaa nao kidogo. Kisha akatuita nje mimi na Jongsop.

"Kama kuna wa kuitwa, aitwe sasa. Leo ni leo."

Ilikuwa saa mbili. Jongsop akampigia Narae. "Tunatoka, baba," tukamsikia, "tunatoka sasa hivi."

Kwetu kuwepo mzazi anapokata roho si jambo dogo. Mtu anaweza kumtunza mama yake miaka kumi. Asipokuwepo saa ile atajiita mwenye dhambi mpaka naye atiwe kaburini. Ndiyo maana Okbun, ambaye hakuwa ameomba kitu tangu juzi, hata maji, alifungua macho na kuuliza, "Narae yuko wapi?"

Jongsop alikaa karibu na kichwa chake, simu juu ya goti. Njia ilikuwa ya kijani mwanzo hadi mwisho, na ramani ilisema watafika saa tano asubuhi.

"Wanavuka mto Han," akamwambia. "Jua liko upande wa Narae, ameshusha kile kikofia chake."

Mimi nilianza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nikamwambia Jongsop, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, "Baba Narae, tuombe pamoja."

"Omba wewe, dada. Mimi naangalia njia."

Akaendelea kumsimulia mkewe barabara kama anayemsimulia mtoto hadithi. Sasa wameacha barabara kuu. Sasa wanapita kwenye mashamba ya mapichi.

"Yule mwenye duka la mapichi," Okbun akasema, macho yamefumbwa. "Alinipunja."

"Alikupunja. Na wewe ulimtukana."

"Kidogo tu."

Saa nne na nusu simu ikalia. Alikuwa Narae. "Baba, tumesimama. Magari hayasogei kabisa."

"Mko wapi?"

"Norujae, chini ya kona ya mnara. Nyuma yetu wamejaa, hata kugeuza hatuwezi."

Jongsop akaangalia simu, na mimi nikachungulia. Kijani.

"Mbona hapa inaonyesha njia iko wazi?" nikauliza.

Nilimwona anapoteza rangi, kwanza midomo, kisha uso wote. Mimi nilikuja kuelewa baadaye. Simu zote zilizosimama mlimani saa ile zilikuwa zinapiga kelele kwamba njia imeziba, na ramani ilikuwa imefundishwa isizisikilize. Aliyeifundisha alikuwa amekaa pale sakafuni.

Alichukua ufunguo akatoka. Nilisikia gari linawaka uani. Kisha likazimwa, na akaingia ndani na viatu miguuni, akakanyaga mpaka penye godoro. Sijapata kumwona mtu wa kwetu akiingia na viatu chumbani. Nilimwita dereva wa teksi wa stendi apande kumchukua Narae, na huyo naye baada ya muda akapiga simu kwamba amekwama upande wetu, nyuma ya malori ya kabichi.

"Wako wapi?" Okbun aliuliza.

Jongsop aliifunika simu, kioo chini. "Wamefika kileleni," akasema. "Wanaanza kuteremka. Dohun anaendesha polepole, unamjua."

"Afadhali polepole."

Akasinzia. Kila alipoamka aliuliza, na kila alipouliza mumewe aliwasogeza kona moja. Wamepita kona ya kwanza ya mteremko. Wamepita kisima. Wako kwenye daraja la mawe. Mimi nilimtazama tu. Mtu huyu ukimwuliza kutoka hapa sokoni ni muda gani, alikuuliza kwanza siku gani na saa ngapi, na kama kuna mvua. Sasa alikuwa anaendesha gari lisilokuwepo, kwa upole, kona kwa kona, amemshika mkewe vidole.

Saa nane ilipokaribia pumzi ya Okbun ikabadilika. Muuguzi alinitikisia kichwa.

"Wako kwa dada, kwenye kona ya supu," Jongsop akasema. "Wanaingia kichochoroni. Mama Narae, unasikia? Wanaegesha gari."

Okbun akageuza uso kuelekea mlangoni. Nguvu ya kufanya hivyo sijui aliitoa wapi. Alivuta pumzi, akavuta nyingine, na ile ya tatu hakuirudisha. Mlango ulibaki umefungwa. Bwana ampokee.

Narae alifika baada ya saa tisa, amekaa juu ya magunia ya pilipili kwenye kitrekta cha shamba cha mzee mmoja, viatu mkononi, miguu imechanika. Alikuwa ameshuka garini akatembea mpaka akavuka kilele, akipita katikati ya watu wanaokata majani, na mama mmoja aliyemwona akilia alimpa kipande cha keki ya mchele akidhani analia kaburini kwa mtu wake. Alipoingia uani na kuona viatu vya muuguzi vimegeuzwa tayari kwa kuondoka, akajua.

Dohun ndiye aliyetueleza kilichotokea, jioni, gari lilipofunguliwa njia. Magari yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili. Basi la ukoo likawa linapanda, lori la kabichi linateremka, wakakutana pua kwa pua.

"Dereva wa lori akasema, 'Rudi wewe, una watu, watashuka wasukume. Kabichi zangu hazina miguu.' Wa basi akamwambia, 'Nyuma yangu kuna magari mpaka Seoul, niyaweke mfukoni?' Basi wakabishana. Halafu babu mmoja akashuka kwenye basi akasema kaburi liko karibu, twendeni tukakate majani wakati hawa wanagombana. Wakashuka wote, na dereva wao akawafuata."

Mtu mmoja alicheka kisha akajutia.

Msiba ulikaa siku tatu kwenye ukumbi wa hospitali, kama desturi. Narae alivaa nguo nyeusi akapokea wageni, lakini hakula. Ukimwekea bakuli anasema, "Mimi mwenye dhambi, nile nini?" Siku ya pili akaja dada mkubwa wa Jongsop, mwanamke ambaye Mungu amempa afya na ulimi.

"Nasikia mlisimama njiani," alimwambia Narae mbele za watu. "Mlinunua uji."

"Uji wa mama, shangazi. Ule wa karanga za msonobari. Alisema anautamani."

"Na ameunywa nani?"

Tangu hapo Narae hata maji alikataa. Dohun alimwambia kwamba walisimama kidogo tu, lakini yeye alishika hilohilo: wasingesimama wangelipita basi, wangelikuta njia wazi. Uji, uji. Ukimsogelea ulimsikia akilitamka kwa sauti ya chini.

Bi. Guk pia alikuja, peke yake kwa treni. Aliinama mbele ya picha ya Okbun, kisha Jongsop akamchukua kando, karibu na jiko nilipokuwa napakua. Sikutaka kusikiliza, ila bakuli zilikuwa mikononi. Alimweleza yote. Binti yule alivua miwani.

"Mzee Pyo, niliyeiweka ni mimi. Naiondoa leo hii."

"Uliweka nililokuambia. Usiondoe."

"Lakini imekugharimu…"

"Ukiiondoa, Jumamosi ijayo itasema mwendo wa saa tano, na kina Narae wa watu wengine hawatakuja. Mama zao wako dirishani. Iache." Akanipokea bakuli moja. "Gari likisimama pale, leo ni makaburi, kesho ni foleni. Simu haiwezi kuyatofautisha. Mtu anaweza. Siku za msimu weka mtu juu kule, awe anawaambia."

"Nani atakubali?"

Wageni walikuwa wanaingia. Jongsop akaenda kuwapokea.

Tulimzika Okbun kwenye mteremko unaoangalia kanisa. Tuliporudi niliwaleta dukani kwangu, Jongsop na Narae tu, Dohun akiwa ameenda kulipia ukumbi. Nikaweka supu. Narae alikaa ameangalia mikono yake.

"Mama mkubwa," akaniita, "mama aliniuliza?"

"Alikuuliza mwanangu. Lakini aliondoka akijua uko mlangoni."

"Nani alimwambia niko mlangoni?"

Nikamwangalia Jongsop. Alisema, "Mimi nilimwambia. Nilimwambia mnaegesha gari." Kisha, kabla hajavuta pumzi: "Na siyo uji, Narae."

"Siyo uji nini?"

"Uliokuchelewesha. Ni mimi." Akamweleza polepole, habari ya simu zinazosimama, habari ya Bi. Guk, lile neno "zote." "Kama ningeiacha ramani ilivyokuwa, ingewapitisha bwawani. Mngefika saa saba. Mama yako alikuwepo saa saba. Alikuwa anaongea."

Supu ilipoa. Nje basi liliingia stendi, likashusha watu, likaondoka.

"Na zile Jumamosi nyingine?" Narae akauliza mwishowe. "Baridi yote ile niliyokuja. Niliona njia imekuwa fupi. Nilimwambia Dohun labda wamejenga barabara. Zile nazo ni wewe?"

"Zile nazo."

Akalia, mara ya kwanza tangu siku ile ya magunia, bila kujifunika uso. "Sasa nifanyeje na wewe, baba? Nikikuchukia, nitazichukia na zile. Ungeniachia uji wangu. Uji niliuweza."

"Nilitaka usijilaumu."

"Najua ulichotaka."

Alichukua kijiko akala. Alikula bakuli lote, baridi vile lilivyokuwa, na baba yake alimtazama mpaka mwisho. Kisha akasimama, akaniinamia mimi, akamwinamia na yeye, kama tunavyomwinamia mgeni, akatoka kumfuata mumewe.

Ni miaka sasa. Ofisi haikupata mtu wa kwenda Norujae Jumamosi za msimu, au haikumtafuta, kwa hiyo anakwenda Jongsop. Anavaa fulana ya njano inayong'aa, anasimama kona ya mnara, anampigia Bi. Guk: leo ni makaburi tu, au, yahesabu magari, leo ni foleni. Watu wakiegesha vibaya anawaomba wasogeze.

"Mzee, wewe ni serikali?" wanamwuliza.

"Mimi wa ramani."

"Basi ramani yako ituonyeshe babu yetu amelala wapi, tunamtafuta tangu asubuhi."

Anawasaidia kutafuta. Mara nyingi anajua.

Lakini Jumamosi zile ndizo ambazo wenye makaburi hufyeka, na yeye hapati kufyeka la mkewe kwa wakati. Narae hulifyeka. Huja siku ya kazi, kwa treni kisha basi, anakata majani peke yake kwa mundu, anarudi kwangu kula. Hapandi tena Norujae kwa gari. Kwa baba yake hupiga simu siku za sikukuu, wanaulizana afya, wanaulizana hali ya hewa. Kila akija ananiachia chombo chenye mboga alizotengeneza kwa mikono yake, majani ya ufuta na samaki wadogo waliokaangwa, nimpe baba. Namwekea kwenye friji, na Jongsop akija asubuhi anakula hivyo tu, bila supu, bila kusema ni tamu au si tamu, na chombo anakiosha mwenyewe.

Mimi nawaombea wote wawili kwa majina. Zamani nilikuwa namwomba Mungu awapatanishe haraka. Siku hizi namwomba tu awape umri.

Vuli iliyopita nilimwambia Narae, "Mwanangu, Jumamosi yuko juu kule kutwa. Ukipita utamwona."

"Najua aliko, mama mkubwa."

Akajifuta mdomo, akachukua mkoba na ule mundu aliouzungushia gazeti. Basi la saa tisa lilikuwa limechelewa. Nilimwambia akae ndani, kuna upepo. Akasema hapana, atasubiri hapohapo nje.